Kutoka Koontz hadi Kunz: njia ipi itakufikisha kijijini kwa babu Mjerumani?

Kwetu Rungwe, bibi zetu hawakuthubutu kukutana macho na baba mkwe. Wakimwona anatokea mbele ya njia, wanazama migombani mpaka apite. Mimi niliolewa Pennsylvania, na huu ni msimu wa pili wa baridi nakaa meza moja na baba mkwe wangu jikoni kwake, kompyuta katikati yetu, tunachambua babu zake. Jina la ukoo wao ni Koontz. Siku tulipoanza aliniambia kama mtu anayetoa siri: "Mwanangu, sisi asili yetu ni Wajerumani. Jina letu waliliharibu maofisa wa Ellis Island."

Nikamwuliza babu wa kwanza anayemjua anaonekana kwenye sensa ipi. Ya 1790, akajibu kwa fahari, maana hiyo ndiyo sensa ya kwanza ya Marekani. Ellis Island ilifunguliwa 1892. Tulicheka wote wawili, ila yeye alicheka kidogo kuliko mimi.

Hadithi hiyo utaisikia huku kwenye nyumba nyingi zenye majina ya Kijerumani. Hata kwa waliopita pale kweli, mambo hayakwenda hivyo. Ofisa alikuwa na orodha ya abiria iliyoandikwa tangu bandari ya kuondokea, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha aliyesimama mbele yake ndiye yule aliyeandikwa. Majina yalibadilika polepole, mikononi mwa makarani wa mahakama, walimu, majirani, wachonga mawe ya makaburi, na mara nyingi wenye majina wenyewe. Zimmermann alijitafsiri akawa Carpenter. Jäger akawa Yeager kwa sauti, au Hunter kwa maana. Huber akawa Hoover na Eisenhauer akawa Eisenhower, na koo hizo mbili kila moja ikamtoa rais wa Marekani.

Nalitanguliza hili kwa sababu watu wengi, wakiwemo Watanzania wenzangu waliooa au kuolewa kwenye koo hizi na wanataka watoto wao wajue pande zote mbili, huanza na jina na kuishia kwenye jina. Wananunua kikombe chenye ngao ya ukoo, wanakiweka kabatini, kazi imekwisha. Ngao zile zilikuwa za familia fulani, si za kila aliyeitwa hivyo. Nyaraka za Kijerumani nazo hazikupangwa kwa koo: zimepangwa kwa kijiji, na ndani ya kijiji kwa kanisa. Bila jina la kijiji huna mlango wa kubisha hodi. Kwa hiyo kila njia hapa chini nimeipima kwa swali moja tu: itakupa kijiji, au itakupa hadithi?

Jina lenyewe

Mtanzania hahitaji somo refu hapa. Ukisikia jina linaanza na Mwa-, Mwakalinga au Mwaipopo, unajua huyu chimbuko lake ni upande wa Mbeya. Lakini Mbeya ni kubwa. Jina halikuambii kama kwao ni Tukuyu mjini au ni kule chini Kyela.

Majina ya Kijerumani hufanya hivyohivyo. Likiishia na -le, kama Häberle, fikiria Schwaben, kusini-magharibi. Likiishia na -li, kama Nägeli, ni Uswisi. Petersen na Hansen ni watu wa kaskazini, Schleswig, jirani na Denmark. Mwisho wa -ow na -itz unatoka mashariki walikoishi Waslavi, na -eit ni Prussia Mashariki, alama ya Kilithuania. Huber na majina yanayoishia na -huber yako kwao Bavaria na Austria.

Majina ya kazi ni matamu zaidi, kwa kuwa kazi moja iliitwa kwa maneno tofauti kila mkoa. Fundi mapipa wa kaskazini na mashariki ni Böttcher, wa Franken ni Büttner, wa Rheinland ni Fassbinder, wa Bavaria ni Schäffler, wa Austria ni Binder, na wa kusini-magharibi ni Küfer, ambalo pengine huandikwa Kiefer. Fundi mikokoteni ni Wagner kusini, Rademacher kaskazini-magharibi, Stellmacher kaskazini-mashariki. Mfinyanzi wa kusini ni Hafner, wa mashariki Töpfer. Ukiwa na jina la namna hii umepata mkoa bila kutoa hata senti. Ukiwa na Müller, jina linaloongoza kwa wingi Ujerumani, umepata tu kwamba babu fulani alikuwa na kinu, na kila kijiji kilikuwa na kinu.

Kuna wakati karani aliyesoma Kilatini alilivika jina joho. Müller akaandikwa Molitor, Schmidt akawa Faber. Usidhani umevuka kwenda Italia.

Hatua inayofuata kwa kawaida ni ramani za majina, na hapa kuna chaguo ambalo wengi hulipitia bila kujua. Ziko ramani zinazochorwa kwa vitabu vya simu vya miaka ya karibuni, na iko ile ya chama cha wananasaba wa Kijerumani kiitwacho Verein für Computergenealogie, ambayo imetokana na orodha za askari waliouawa, kujeruhiwa au kutekwa kwenye vita vya 1914 hadi 1918. Ya simu inapendeza macho. Mimi nachagua ya askari. Baada ya 1945 Wajerumani takriban milioni 12 walifukuzwa au walikimbia kutoka mashariki, na wakasambaa magharibi. Kitabu cha simu kinakuonyesha walikotua, wakati orodha ya askari inakuonyesha walikozaliwa kabla ya mtafaruku huo. Kwa jina la Silesia au Pomerania, mikoa ya huko mashariki, tofauti ya ramani hizo mbili ni kama usiku na mchana.

Waswisi wana bahati ya peke yao. Kila Mswisi ana mji wa asili alioandikwa kama mwenyeji, hata kama ukoo uliuhama zamani, na ipo rejesta ya majina ya koo zote zilizokuwa na uenyeji mji kwa mji mwaka 1962, ikiwa na maelezo ya tangu lini. Inasomwa bure mtandaoni. Kwa jina adimu la Uswisi, ndiyo pekee niliyoona inakutoa kwenye jina moja kwa moja hadi kijijini.

Na sisi tuna nini? Kunz, ambalo huku limekuwa Koontz, ni kifupisho cha Konrad, jina la mtu wa kawaida kabisa. Wajerumani wakitaka kusema "kila mtu na ndugu yake" husema Hinz und Kunz, yaani kina Heinrich na kina Konrad. Tulipoweka Kunz na Kuntz kwenye ramani, kusini-magharibi yote iliwaka, na Uswisi juu yake. Baba mkwe akasema, "Angalau tumeondoa Berlin."

Mitego miwili kabla ya kutoka hapa. Ostfriesland, kule pwani ya kaskazini, watu waliitwa kwa jina la baba hadi amri ya Napoleon ya 1811 ilipowalazimisha kuwa na jina la kudumu. Mtoto wa Jan ni Janssen, mjukuu anabeba jina jingine. Na Westfalen, mwanamume aliyeolea kwenye shamba la mke alichukua jina la shamba. Huko jina linafuata ardhi badala ya damu.

Sauti ya jina: Soundex au Kölner Phonetik?

Hili ni dogo, lakini limetuokoa mwezi mzima. Tovuti nyingi za Marekani hutafuta majina yanayofanana kwa mfumo wa Soundex, ambao hataza yake ya kwanza ni ya 1918. Unashika herufi ya kwanza jinsi ilivyo, kisha unageuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Nilikaa na kalamu nikaandika majina manne ambayo yote tumeyaona kwenye karatasi za ukoo huu: Kunz inatoka K520, Coons C520, Koontz K532, Counts C532. Majina manne, namba nne. Ukitafuta moja, mashine haitakuonyesha mengine matatu.

Mwaka 1969 Hans Joachim Postel alichapisha mfumo mwingine uliotungwa kwa masikio ya Kijerumani, Kölner Phonetik. Kwake K na C mbele ya o ni sauti moja, na tz, ts, z na s zote zinaanguka kapu moja. Nikapitisha majina yaleyale: Kunz 468, Coons 468, Koontz 468, Counts 468. Baba mkwe aliichukua ile karatasi akaibandika kwenye friji, na bado iko pale.

Kwa ufupi: karatasi zako zikiwa zimeandikwa na karani Mwingereza, Soundex itakuangusha hasa kwenye K na C, kwenye J na Y, kwenye Pf na F. Kama tovuti haina mfumo wa Köln, andika majina mwenyewe kwa kila tahajia unayoweza kuibuni, utafute moja baada ya jingine. Yachoshe.

Orodha za meli

Watu huzitegemea mno. Zina thamani, lakini thamani hiyo inategemea mwaka na bandari kiasi kwamba ni vigumu kuzisemea kwa pamoja.

Babu aliyeondoka Hamburg kati ya 1850 na 1934 ni zawadi. Orodha za Hamburg zipo, zina watu karibu milioni 5, na kwa kawaida zinataja mji au kijiji alikotoka abiria. Aliyeondokea Bremen mkosi. Bremen walianza kuandika abiria tangu 1832, yaani mapema kuliko Hamburg, lakini walikosa mahali pa kuhifadhi wakawa wanaziharibu za zamani, na nyingi zilizosalia zikapotea katika vita kuu ya pili. Zilizopo ni za 1920 hadi 1939, wakati wimbi lenyewe lilishapita. Kwa waliosafiri kwa Bremen unategemea upande wa kupokea, na orodha za Marekani zilizoanza 1820 ziliuliza nchi tu. "Ujerumani." "Prussia." "Baden." Mahali pa kuzaliwa palianza kuulizwa mwanzoni mwa karne ya 20. Karatasi za uraia nazo ni hivyo: kabla ya 1906 kila mahakama iliandika ilivyopenda, baada ya hapo fomu ikawa moja na kijiji cha kuzaliwa kinaulizwa.

Karne ya 18 ni dunia nyingine. Germantown ilianzishwa 1683 na familia 13 kutoka Krefeld, na wimbi kubwa la kuingia Philadelphia lilikuja kati ya 1749 na 1754. Kuanzia 1727, kila mwanamume mgeni wa miaka 16 na zaidi aliyeshuka Philadelphia alipaswa kula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza, na akatia sahihi. Sahihi hizo zipo. Kwa meli kadhaa unakuta orodha mbili za watu walewale, moja ya nahodha, nyingine ya kiapo. Nahodha anaandika anavyosikia. Mwenye jina anaandika anavyojua. Asiyejua kuandika aliandikiwa na karani, akaweka alama yake.

Nilipomwonyesha baba mkwe sahihi ya mmoja wa kina Kuntz wa miaka ya 1750, herufi zimejikunja kama mizizi, alinyamaza. Akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, akafuatisha ile K.

Lakini ona inachokosa. Haina wake, haina watoto, haina kijiji. Inataja meli, na kwamba ilitoka Rotterdam ikapitia bandari ya Uingereza. Na wenye jina Johannes Kuntz walioingia Philadelphia ni zaidi ya mmoja. Kwa hiyo kwa karne ya 18 naiweka orodha ya meli kama uthibitisho wa mwisho, usianzie hapo. Tazama jambo moja tu ambalo wengi hulipuuza: majina yaliyo juu na chini ya babu yako. Wanakijiji walisafiri pamoja, walipanga foleni pamoja, wakatia sahihi wakifuatana.

Nikiwa hapo: ukikuta sensa inasema babu amezaliwa Urusi na nyumbani anasema Kijerumani, usifute. Tsarina Katarina wa Pili aliwaita walowezi kwa tangazo la 1763, wakajenga vijiji kando ya Volga, na wajukuu wao wengi waliishia Kansas na Dakota miaka mia moja baadaye.

Vitabu vya kanisa

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo kijiji kilipo. Nianze na upande wa Marekani, kwa sababu kosa kubwa ninaloliona ni kuruka bahari mapema. Mchungaji wa Kilutheri au wa Kireforma huku Pennsylvania alikuwa Mjerumani, anaandika Kijerumani, na anajua tofauti ya kijiji na kijiji. Karani wa sensa ataandika "Ujerumani" akapumzika. Mchungaji akimzika mzee ataandika alizaliwa wapi na lini. Usharika wa babu, daftari la maziko, jiwe la kaburi, gazeti la Kijerumani la mtaa: maliza hivyo kwanza.

Wenzangu wa Moravian mtaelewa haraka zaidi. Kanisa lililofika Rungwe 1891 lilitoka Herrnhut, mji wa Ujerumani ulioanzishwa 1722, na watu wa Herrnhut haohao ndio waliojenga Bethlehem, Pennsylvania, 1741. Desturi yao ilikuwa kila muumini aache maelezo ya maisha yake, Lebenslauf, yakasomwa siku ya kumzika. Kuzaliwa, wazazi, kijiji, safari, magonjwa, mashaka ya imani, vyote. Nyaraka zimehifadhiwa Bethlehem na Herrnhut. Kama babu wa Kijerumani alikuwa Mmoravian, acha njia nyingine zote, nenda huko. Nilipoingia kwenye jengo la nyaraka la Bethlehem mara ya kwanza nilitafuta makaratasi ya kina Koontz nikakosa, walikuwa Walutheri. Basi nikakaa nusu saa kusoma habari za watu wasionihusu, kwa sababu tu nilibatizwa kwenye kanisa hilo.

Ukishavuka bahari, dini ya babu ndiyo inayoamua uende wapi. Kwa Wakatoliki kuna Matricula, tovuti ya picha za vitabu vya parokia za Austria, Ujerumani na nchi za jirani, bure kabisa. Kwa Walutheri na Wareforma kuna Archion, iliyofunguliwa 2015 na makanisa ya Kiprotestanti, ambayo unalipia kwa muda. FamilySearch ni bure kwa kujiandikisha na ina faharasa unayoweza kutafuta kwa jina, jambo ambalo tovuti mbili za kwanza kwa sehemu kubwa hazikupi: humo unafungua kitabu na kupekua ukurasa kwa ukurasa. Kwa hiyo mpango wangu ni huu. FamilySearch kunusa, kisha Matricula au Archion kusoma picha yenyewe, kwani faharasa huandikwa na watu na watu husoma vibaya.

Tena husoma vibaya kwa haki. Mwandiko wa zamani, Kurrent, una e inayofanana kabisa na n, na u ni n iliyowekewa kijikofia. Kuntz bila kijikofia ni Knntz. Ipo programu ya Transkribus, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Innsbruck, inayojaribu kusoma mwandiko huo. Inasaidia kupata picha ya jumla, ila jina la kijiji lihakiki kwa macho yako, na jipe majuma mawili kujifunza herufi. Kwenye vitabu vya Kikatoliki Kilatini kitakungoja, lakini ni maneno yaleyale ishirini yanayojirudia.

Mambo matatu yaliyotukwamisha, uyajue mapema. Mwanamke huongezewa -in: Anna Maria Kuntzin ni wa ukoo wa Kuntz, hakuna ukoo wa Kuntzin. Pili, ndugu watano wanaweza wote kubatizwa Johann, Johann Georg, Johann Peter, Johann Adam, na nyumbani wakaitwa kwa jina la pili. Johannes peke yake, hata hivyo, ni jina kamili. Tatu, mtoto akifa, anayezaliwa baadaye alipewa jina lilelile. Hili la tatu litarudi.

Vitabu vyenyewe havianzi pamoja. Vingine ni vya karne ya 16, vingi vinaanza baada ya vita vya miaka thelathini kwisha 1648, na kule Pfalz, kusini-magharibi, majeshi ya Ufaransa yaliteketeza Heidelberg, Mannheim, Speyer na Worms mwaka 1689, na nyaraka zikaungua humo. Baada ya 1648 Waswisi wengi walihamia Pfalz na Kraichgau iliyo jirani kujaza vijiji vilivyobaki watupu. Ndiyo maana babu anaweza kuwa Mjerumani kwa vizazi viwili tu, na nyuma yake akawa mtu wa Zürich au Bern. Hapo ile rejesta ya Waswisi inakuwa dhahabu.

Usajili wa serikali utausikia ukisifiwa, nao ni mzuri, lakini ni wa jana: 1798 kwa ng'ambo ya kushoto ya Rhein chini ya Wafaransa, 1874 Prussia, 1876 dola nzima, na Austria waliachia makanisa kazi hiyo hadi 1938. Tena Ujerumani cheti cha kuzaliwa hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 110, ndoa 80, vifo 30. Kwa waliohama baada ya 1876 una kila sababu ya kuanzia hapo. Kwa wengine, sahau.

Ukishapata jina la kijiji, hakikisha ni kijiji kipi. Neustadt zipo nyingi kuliko Kijiweni za Tanzania. Kamusi ya maeneo ya Meyer, toleo la 1912, ipo mtandaoni na ramani zake, na inakuambia kama kijiji kilikuwa na kanisa lake. Halafu uliza kama kijiji hicho kina Ortsfamilienbuch, kitabu ambamo mwenyeji mvumilivu amekwisha kupanga familia zote za kijiji kutoka kwenye daftari za kanisa. Chama kile nilichokitaja kimeweka mamia yake mtandaoni bure. Ukikikuta, kazi ya miaka mitatu inakuwa ya jioni moja.

Na kama una jamaa Ujerumani, waulize kwa upole kama bibi aliacha Ahnenpass. Ni kijitabu cha nasaba ambacho utawala wa Hitler uliwafanya watu wakijaze ili kuthibitisha hawana damu ya Kiyahudi. Chimbuko lake ni uovu mtupu, na wengine hawapendi kukigusa. Lakini majina na vijiji vilivyomo vilinakiliwa kutoka daftari za kanisa, na baadhi ya daftari hizo ziliungua baadaye.

Vinasaba, na miti ya wengine

Unatema mate kwenye kichupa, unaambiwa wewe ni asilimia kadhaa Mjerumani. Hiyo si kijiji, ni hadithi. Kipimo cha kawaida kinafaa kwa kutafuta binamu wa karibu. Ukirudi vizazi saba una mababu 128, na mmoja kati yao anaweza asionekane kabisa kwenye damu yako. Kipimo cha kromosomu Y, kinachofuata baba hadi baba kama jina linavyofuata, ni bora zaidi kwa swali la jina la ukoo. Kwetu kingeweza kusema kama Koontz wa huku na Kunz wa kijiji fulani ni damu moja. Ila kinahitaji Kunz wa kule akubali kupimwa, na kule watu hawana mwamko huo kama Marekani. Na kwa ukoo wa Westfalen wenye jina la shamba, Y na jina hukosana bila mtu yeyote kuchepuka. Kina gharama. Kiweke akiba kwa siku ambayo umebaki na maswali mawili tu.

Miti ya koo iliyopandishwa na watu wengine kwenye tovuti, mimi naisoma kama umbea wa kisimani. Pengine ni kweli. Tulikuta Koontz wetu amepewa vijiji vitatu tofauti na watu watatu tofauti, wote kwa uhakika, hakuna hata mmoja aliyeweka picha ya ukurasa.

Kwa hiyo ushike ipi?

Aliyehama baada ya 1850, tafuta Hamburg kwanza, kisha karatasi za uraia, kisha, kama alihama baada ya 1876, usajili wa serikali. Ukihisi alipitia Bremen, rudi kwenye kanisa lake la Marekani. Kwa aliyehama kati ya 1800 na 1850, hasa kutoka Baden au Württemberg, jaribu faharasa ya waliohama ya nyaraka za jimbo la Baden-Württemberg, maana mtu alitakiwa kuomba kibali cha kuondoka na kibali kiliandikwa. Wa karne ya 18 aanze na usharika, kaburi na majirani huku, halafu vitabu vya kule, meli mwisho. Mwenye jina la Kiswisi aanze na jina. Mwenye Müller asianze na jina hata kidogo.

Sisi tulifuata majirani. Wasimamizi wa ubatizo wa watoto wa Koontz wa kwanza walikuwa ni walewale, familia mbili, na hao mchungaji aliwaandikia kijiji: kiko Kraichgau. Tukafungua kitabu cha huko, tukamkuta Johannes Kuntz, amebatizwa 1733. Tukashangilia. Baba mkwe alitoa keki. Wiki iliyofuata, kitabu cha kijiji cha jirani, mwendo wa saa moja kwa miguu: Johannes Kuntz, 1733.

Wote wawili umri unakubali. Kinachobaki ni kuwaua, kwa maana ya kutafuta nani kati yao alikufa mtoto au alioa na kuzikwa hukohuko, ili abaki mmoja. Cha kwanza nimekipekua hadi 1740, yule mtoto hajazikwa. Cha pili kina ukurasa ulioloa maji tangu zamani, wa maziko ya 1736, na wazazi walewale wana Johannes mwingine aliyebatizwa 1738. Baba mkwe ananipigia kila Jumapili baada ya ibada kuuliza kama ule ukurasa umesomeka. Jumapili iliyopita nilipata herufi tatu: K, u yenye kijikofia chake, na kitu kinachoweza kuwa n au e.